MAKSAI MWEMA HUFUNZWA KABLA YA MVUA

Ndugu msomaji, ukisimama mjini Tunduma ukaitazama barabara kuu iendayo Zambia, utadhani kwamba nguvu zote za mkoa wa Songwe zimo ndani ya injini. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana, na reli ya TAZARA nayo inakatiza papo hapo. Lakini iache barabara ya lami. Shuka bondeni upande wa Msangano na Kamsamba, au ingia katika vijiji vya Mbozi vilivyo mbali na Vwawa na Mlowo, nawe utakutana na nguvu ya namna nyingine. Hainywi dizeli, wala haihitaji vipuri kutoka ng'ambo. Hula majani, hunywa maji, na jioni hurudi zizini kucheua. Nguvu hiyo ni maksai.

Makala haya yanamzungumzia maksai kijana: yule dume wa miaka miwili na nusu au mitatu ambaye mvua za Novemba zitamkuta ama amekwisha kufunzwa, ama hajui lolote. Kati ya hali hizo mbili kuna tofauti kubwa kwa nyumba nzima, tangu baba hadi mtoto anyonyaye.

Mbona si farasi?

Huenda msomaji akauliza kwa nini mataifa mengine yalilima kwa farasi, na sisi hatukufanya hivyo. Jibu halimo katika uvivu wa mababu. Farasi ni mnyama mgeni, na katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki ameshindwa kukaa kwa sababu ya maradhi. Mbung'o humwambukiza nagana, na usubi, wale wadudu wadogo warukao jioni na usiku, humletea homa ya farasi ambayo huua upesi. Ng'ombe wetu wa asili, zebu mwenye pembe fupi na nundu, ameizoea nchi hii kwa karne nyingi. Hali kadhalika punda, ingawa yeye hutumiwa zaidi kwa kubeba na kuvuta mikokoteni.

Hata hivyo, elimu ya kumfunza mnyama haina mpaka. Mgiriki mmoja aitwaye Xenophon, aliyeandika kitabu kuhusu farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliwaonya wasomaji wake wasimkaribie farasi wakiwa na hasira. Na wafunzaji wa farasi hata leo huanza chini, ardhini, kwa kamba na sauti na mkono, kabla mtu hajathubutu kupanda mgongoni. Mkulima wa Mbozi mwenye busara hufanya jambo lilo hilo. Humfunza ng'ombe kutembea na kusimama kwanza, kisha ndipo amwonyeshe plau.

Eka moja ni safari ndefu

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, yafaa tupige hesabu ndogo. Eka moja ni takriban mita za mraba 4,047. Plau ikikata mfuo wenye upana wa sentimita 20, basi maksai na mwenye kushika mikono ya plau hawana budi kutembea kiasi cha kilomita 20 ili kuimaliza eka hiyo. Si ajabu, basi, kwamba jozi njema ya maksai hulima kama nusu eka tu kwa asubuhi moja.

Sasa mfikirie mama mwenye jembe la mkono, ambaye eka ile ile humpasa kuipasua pigo kwa pigo, mgongo ukiwa umeinama. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 na 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliwahimiza wakulima mara kwa mara waliache jembe la mkono, washike jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kiwanda cha zana za kilimo cha UFI, Ubungo, kilitengeneza zana hizo, na Mbeya nako kukawa na kiwanda cha ZZK. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Songwe ikiwa bado ni sehemu ya mkoa wa Mbeya, uliendeshwa huko mradi maalumu wa kueneza matumizi ya maksai. Songwe ilipokuwa mkoa wake yenyewe mwaka 2016, ilirithi nira na minyororo pamoja na mashamba.

Trekta na pawatila zimekuja, nasi hatuzibezi. Lakini penye mashamba madogo na mafuta ghali, maksai wawili waliofunzwa vema bado ni akiba isiyodharaulika.

Nyumba mbili za mfano

Tuchukue mfano wa nyumba mbili zilizo jirani. Si nyumba za mtu fulani. Ni mfano tu, ila wengi watautambua.

Nyumba ya kwanza ina madume wawili wenye afya. Mwenye nyumba asema, "Watajifunza shambani." Mvua ya kwanza yanyesha, na asubuhi yake wanaume wanne wanatoka na kamba na fimbo. Madume hayajapata kuguswa shingo tangu kuzaliwa. Yanafungwa nira kwa mabavu. Moja linalala chini, la pili linaruka. Linapigwa, linazidi kuruka, vijiti vya nira vinakatika, plau inaburutwa ubavu, na kijana aliyekuwa mbele ananusurika kukanyagwa. Siku tatu zinapita hivyo. Hatimaye baba anakwenda kuomba maksai wa kukodi, naye anaambiwa asubiri hadi wenyewe wamalize mashamba yao. Mahindi yake yanaingia ardhini wiki tatu baada ya wenzake. Msimu hausubiri mtu: mahindi yaliyochelewa huzaa pungufu, na upungufu huo hauonekani shambani peke yake. Utaonekana mwaka wa pili, mwezi wa Februari, ghala litakapokuwa tupu na mama atakapolazimika kuwagawia watoto mlo mmoja badala ya miwili.

Nyumba ya pili ilianza mwezi wa Agosti, kazi za mavuno zilipokwisha. Saa moja tu kila asubuhi. Mvua ya kwanza iliponyesha, maksai walikwenda shambani kama wanafunzi waendao darasa walilolizoea.

Tuone, basi, nyumba hii ya pili ilifanya nini.

Kuchagua na kuhasi

Uchaguzi ndio msingi. Tafuta madume mawili yanayolingana kimo na nguvu, maana mrefu akifungwa na mfupi nira hukaa upande na mzigo humwelemea mmoja. Tazama kifua kipana, miguu iliyonyoka, kwato imara na shingo nene. Kisha tazama tabia. Dume mwoga mno na dume mkali mno wote wawili watakupa kazi. Umri utaujua kwa meno: jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele hutoka dume akiwa na takriban miaka miwili.

Kuhasi ni kazi ya mtaalamu wa mifugo. Koleo la Burdizzo huponda mishipa pasipo kuikata ngozi, na kwa hiyo hatari ya kidonda ni ndogo. Wafugaji wengi hungoja dume lipite mwaka mmoja na nusu ili shingo na mabega yapate kujengeka. Lakini lisihasiwe leo na kuvishwa nira kesho. Liachwe wiki kadhaa lipone kabisa.

Mkono kabla ya kamba, kamba kabla ya nira

Somo la kwanza ni mkono. Ng'ombe ana macho pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Ukimjia kutoka nyuma umemshtua, na teke lake si kosa lake. Mwendee kwa ubavuni, ukisema naye taratibu. Mkune shingoni, chini ya koo, kwenye nundu. Mpe chumvi kidogo kiganjani. Mpe jina, jina fupi, na usilibadilishe. Mwenye kumfunza awe mtu mmoja au wawili tu, wasibadilike kila siku, kwani mnyama hujifunza sauti na mwendo wa mtu.

Somo la pili ni kamba. Mfunge kamba kichwani, umzoeze kusimama penye nguzo imara. Atavuta, atajaribu nguvu zake, kisha atatulia. Baada ya hapo mwongoze. Hapa ndipo ilipo siri kubwa ya kazi yote, ndugu msomaji, nayo ni hii: malipo ya ng'ombe ni kulegezewa. Ukivuta kamba naye akapiga hatua moja, legeza papo hapo. Amekwisha kukuelewa. Ukiendelea kuvuta hata baada ya kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida, naye ataacha kutii. Wafunzaji wa farasi huko ng'ambo hutumia kanuni hii hii.

Somo la tatu ni maneno. Manne yatosha: nenda, simama, kulia, kushoto. Yawe ya Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au Kiswahili, si neno. Lililo muhimu ni kwamba neno la leo liwe lile lile la kesho, na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Baba akisema hivi na kijana akisema vile, kosa si la maksai.

Nira, gogo, plau

Wiki ya pili ilete nira. Wafungwe wawili pamoja, wasimame tu, kisha wafunguliwe. Kesho yake watembee hatua chache. Kila mmoja apewe upande wake, wa kulia au wa kushoto, na asihamishwe ovyo, kwa sababu wakati wa kulima mmoja atatembea ndani ya mfuo na mwenzake juu ya ardhi isiyolimwa. Mwenye bahati ya kuwa na maksai mzee aliyefunzwa amfunge kijana pamoja naye, maana kijana hujifunza mengi kwa kumfuata mwenzake.

Wakizoea nira, waburute mnyororo mtupu ili masikio yazoee mlio wake nyuma. Kisha gogo jepesi. Kisha gogo zito kidogo. Kipimo cha kukumbuka ni kwamba ng'ombe aweza kukokota kwa muda mrefu nguvu ilingayo na moja ya kumi hivi ya uzito wake. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja huvuta kwa raha nguvu ya kilo 60, si zaidi sana. Kuwabebesha kijana na jiwe juu ya gogo ili "wakomae" ni kuwavunja moyo.

Plau na ije mwisho, katika wiki ya tano au ya sita, tena katika ardhi laini iliyolimwa mwaka uliopita. Mifuo michache tu kwa siku ya kwanza. Kila somo na liishe kwa jambo ambalo mnyama amelifanya vizuri; mfungue nira hapo, si wakati anapogoma. Ukimfungua akiwa amelala chini, kesho atalala mapema zaidi.

Na akilala, tufanye nini? Kwanza tujiulize sababu. Je, nira inamuumiza? Amechoka? Ameogopa? Hakuelewa? Chunguza shingo, ngoja kimya, mpe nafasi. Akisimama, mtembeze hatua kumi, mwambie asimame, ndipo umfungue. Utakuwa umemaliza kwa utii, si kwa ugomvi.

Fimbo na methali

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kumdekeza mnyama. Watatukumbusha kwamba wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo ni ya kweli, lakini tuielewe vema. Haisemi kwamba anayepiga sana ndiye alezaye vema. Inasema kwamba asiyethubutu kusahihisha atajuta. Kusahihisha ni jambo jingine, na kupiga ni jambo jingine.

Maksai anayepigwa kila hatua hatambui ni hatua ipi iliyokuwa njema. Hujifunza jambo moja tu: kwamba mtu ni maumivu. Mnyama wa namna hiyo humkimbia bwana wake akiwa na nguvu, na humdhuru akipata nafasi. Mkunja mkia, mchoma moto na mchokoza kwa msumari wote wanaharibu mali yao wenyewe, tena wanavunja sheria, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili na kuwatwika wanyama kupita kiasi. Ufito mwepesi wa kumgusia begani ili kumwonyesha njia watosha.

Shingo na tumbo

Maksai aliyefunzwa na asiyelishwa ni sawa na taa isiyo na mafuta. Katika nchi yetu ya Songwe msimu wa mvua ni mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Maana yake ni kwamba kazi ngumu kuliko zote humwangukia maksai mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa yamekauka na mbavu zake zikiwa zinahesabika. Hapana budi kumwekea akiba. Mabua ya mahindi, maganda na majani ya maharage, na majani ya karanga yasichomwe moto shambani. Yakusanywe, yawekwe juu ya dari la zizi, yatolewe Septemba na Oktoba.

Nira nayo itazamwe. Kwa ng'ombe mwenye nundu hukaa shingoni, mbele ya nundu. Ilainishwe kwa kipande cha chupa au kwa msasa, isiwe na kifundo wala ufa. Kidonda cha shingo hakiponi chini ya nira. Kitaponyeshwa kwa mapumziko tu. Kazi ianze alfajiri na iishe kabla ya jua kali, isipite saa nne au tano, ili mnyama apate muda wa kula, kunywa na kucheua. Aogeshwe dhidi ya kupe waletao ndigana kali, na achanjwe kadiri mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza.

Nao walimao katika miteremko ya Ileje wakumbuke kuukinga mteremko, yaani kulima kwa kuukata, si kwa kuufuata. Mfuo uteremkao ni mfereji. Mvua ya kwanza itauchukua udongo wote mzuri kwenda mtoni.

Mtoto aliye mbele ya maksai

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotuhusu zaidi katika kurasa hizi za jamaa. Ni nani huyu atembeaye mbele ya maksai, kamba mkononi, asubuhi ya Novemba? Mara nyingi ni mtoto wa shule. Na kwa nini yupo pale? Kwa sababu maksai hawakufundishwa kwenda pasipo kuongozwa.

Jozi iliyofunzwa kwa sauti huhitaji mtu mmoja tu, au wawili, na wote ni watu wazima. Jozi isiyofunzwa huhitaji watatu au wanne, na wa kwanza kutafutwa ni yule asiyelipwa. Basi kila asubuhi ambayo baba aliikwepa mwezi wa Agosti, mtoto huilipa kwa asubuhi ya darasa mwezi wa Novemba, tena akiwa mahali pa hatari, mbele ya pembe na kwato. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi zenye kumdhuru au kumnyima elimu. Lakini hata pasipo sheria, ni mzazi gani ambaye hawezi kuiona hesabu hii?

Na mama naye asiachwe nje. Maksai waliozoezwa kwa sauti ya upole huwatii wanawake sawasawa na wanaume, na nyumba yenye mama ajuaye kufunga nira haisimami baba anaposafiri, anapougua au anapofariki. Mama na ashirikishwe tangu siku ile ya kwanza ya chumvi kiganjani. Tena palizi, ambayo mara nyingi humwangukia yeye, yaweza kufanywa na maksai hao hao kwa zana ya palizi na nira ndefu inayowawezesha kupita kati ya mistari bila kuikanyaga mimea. Maksai waliojifunza mwendo wa taratibu ndio pekee wawezao kazi hiyo. Walioharibiwa kwa fimbo watalivuruga shamba.

Ndugu msomaji, wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kiangazi ndicho chenye udongo laini wa maksai, ingawa ardhi yenyewe ni kavu. Madume yako, kama yamo zizini, yanahitaji saa moja kwa siku, kwa wiki tano au sita, na mtu asiyepandisha sauti. Hayo hayanunuliwi dukani Tunduma wala hayakopwi benki. Kaeni jioni hii, baba, mama na vijana, mkubaliane majina ya maksai, mkubaliane maneno manne mtakayoyatumia, na mwafikiane ni nani atakayekwenda zizini kesho asubuhi na chumvi mkononi.